Tarehe Iliyojulikana: Ofisi na Mwisho wa Huduma ya Programu za Barua, 2002–2025

Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuzihudumia programu ambazo kwa miaka mingi zilichukua barua na hati za ofisi nyingi duniani. Programu hizo ni Exchange Server 2016 na Exchange Server 2019, ambazo kazi yake ni kupokea, kuhifadhi na kupeleka baruapepe. Na Office 2016 na Office 2019, ambazo ndani yake huandikwa barua, taarifa na majedwali ya hesabu. Siku hiyo hiyo ilifikia ukomo pia Windows 10, iliyozibeba programu hizo katika kompyuta za makarani. Asubuhi ya pili hapakuwa na chochote kilichozimika. Barua zilifika kama kawaida, hati zilifunguka, na mtu asiyeambiwa asingalijua kwamba jambo lolote limetukia.

Tarehe hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imetangazwa miaka mingi kabla yake, na katika miezi ya mwisho ilirudiwa mara kwa mara na mtengenezaji, na mafundi, na hata serikali mbalimbali. Walakini kabla mwezi haujaisha, idara ya serikali ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mitambo ya habari ilitoa onyo: katika seva za Exchange zipatazo 33,000 ilizozifahamu nchini humo, ambazo mlango wake wa barua ulifunguka kutoka mtandaoni, 92 katika kila 100 zilikuwa zingali zikitumia toleo la 2019 au la kabla yake. Miongoni mwa wenye seva hizo walikuwamo wenye hospitali, shule, maofisi ya mawakili na halmashauri za miji. Hawa si watu wasiosoma matangazo. Basi ni kwa sababu gani tarehe iliyojulikana miaka yote hiyo iliwakuta watu wengi namna hii wakiwa hawajajiandaa? Jibu halipatikani katika mwaka 2025 pekee. Lazima litafutwe katika historia ya tarehe zenyewe na katika namna ofisi zilivyozizoea.

Maana ya huduma hiyo yahitaji kuelezwa kwanza, kwa kuwa wengi hudhani kwamba programu ni kama kitabu, ambacho kikishachapwa hakimhitaji tena mchapaji. Programu ya ofisi ina mamilioni ya mistari ya maagizo, na ndani yake daima mna makosa ambayo hata waliozitunga hawayajui. Baadhi ya makosa hayo ni nyufa ambazo mwizi aweza kuzipitia akasoma barua zisizo zake, au akazifunga hati za ofisi nzima na kudai fedha ndipo azifungue. Muda wote wa huduma mtengenezaji huziba nyufa hizo kila zinapogunduliwa, na Microsoft imekuwa ikitoa marekebisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi tangu mwaka 2003. Huduma ikikoma, nyufa haziongezeki kwa ghafula, ila zilizopo haziguswi tena. Tena kuna jambo ambalo watu wachache hulifikiria. Toleo jipya aghalabu hurithi sehemu kubwa ya maagizo ya toleo la zamani. Kwa hiyo ufa unapozibwa katika jipya, wajuzi waovu hulilinganisha toleo lililozibwa na lile la kabla yake, wakatambua mahali ufa ulipo, kisha huenda kuutafuta katika toleo la zamani ambalo halitazibwa kamwe. Jahazi lisilotiwa kalafati halizami siku ile lililoachwa. Lakini hapa kila jahazi jipya linalotiwa kalafati humwonyesha adui mahali bao la zamani linapovuja.

Zamani hapakuwa na tarehe. Programu ziliuzwa ndani ya sanduku, na zilikufa kama zifavyo bidhaa nyingine, kwa kukosa wanunuzi. Makarani wa muongo wa 1980 waliandika kwa WordStar na WordPerfect na kupiga hesabu kwa Lotus 1-2-3, na hakuna aliyewaambia siku ya mwisho. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliendelea kuhudumiwa hadi Septemba 2014, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuisahau. Office ya Microsoft ilitokea mwaka 1989 kwa kompyuta za Macintosh na mwaka 1990 kwa Windows; Exchange ikafuata mwaka 1996, wakati baruapepe ilipokuwa ikitoka mikononi mwa wataalamu na kuingia katika kazi za kila siku za ofisi. Muda programu zilipokuwa haziunganishwi na dunia ya nje, uzee wake haukumdhuru mtu. Kompyuta iliyofungwa chumbani na kuandika barua za kuchapwa karatasini ingaliweza kutumika mpaka mashine yenyewe ife. Intaneti ndiyo iliyougeuza uzee kuwa hatari, kwa sababu iliufikisha kila mlango wa ofisi kwenye njia kuu ya dunia.

Mnamo Oktoba 2002 Microsoft ilitangaza kwa mara ya kwanza kanuni ya muda wa maisha ya programu zake, na mwaka 2004 ikairefusha: programu za kazi za ofisi zingehudumiwa kwa ukamilifu miaka 5, kisha miaka 5 mingine kwa marekebisho ya usalama. Tangu hapo kila programu ikazaliwa na siku yake ya kufa imeandikwa kando. Kwa hakika lilikuwa jambo la haki kwa mnunuzi, kwani sasa aliweza kupanga. Lakini karibu wakati ule ule kampuni iliwafundisha watu somo ambalo haikulikusudia. Windows 98 ilikuwa imepangiwa kukoma tarehe 16 Januari 2004. Siku zilipokaribia, wateja wakalalamika, hasa wa nchi zenye kipato kidogo ambako mashine za zamani zilikuwa bado nyingi, na ukomo ukasogezwa hadi Julai 2006. Uamuzi huo ulikuwa wa huruma. Walakini mkuu wa ofisi aliyekwisha kununua mashine mpya kwa kuiheshimu tarehe alijiona mjinga mbele ya jirani yake aliyengoja. Mambo hayo yalijirudia. Exchange Server 2010 ilikuwa ikome Januari 2020, ikaongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Katika mambo ya fedha za ofisi hakuna hoja iliyo na nguvu kama ile ya mtu anayesema kwamba safari iliyopita tulingoja na hapakuwa na neno.

Mji wa kwanza mkubwa kuichukua tarehe ya namna hiyo kuwa nafasi ya kufikiri upya ulikuwa München, Ujerumani. Halmashauri ya mji huo ilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zilizoendeshwa kwa Windows NT 4.0, ambayo huduma yake ilikuwa ikielekea ukingoni. Badala ya kununua toleo jipya kama ilivyokuwa desturi, madiwani waliuliza kama kulikuwa na njia nyingine, na tarehe 28 Mei 2003 wakaamua kuhamia Linux na programu ya ofisi ya OpenOffice, ambazo hazina mauzo na maagizo yake yaweza kusomwa na yeyote. Kabla ya uamuzi, mkuu wa Microsoft wa siku hizo, Steve Ballmer, alikatiza mapumziko yake akaenda kumwona meya Christian Ude. Safari yake haikuzaa matunda.

Yaliyofuata yana mafunzo mengi kuliko uamuzi wenyewe. Waliodhani kwamba kazi ni kuondoa programu moja na kuweka nyingine waligundua kwamba programu ya zamani ilikuwa imeota mizizi katika kila idara. Mji ulikuwa na vikundi zaidi ya 20 vya mafundi, kila kimoja na desturi zake. Makarani kwa miaka mingi walikuwa wamejitungia fomu, violezo vya barua na maagizo mafupi ndani ya hati, ambayo yaliingiza jina la mpokeaji, yakakokotoa ada, yakaweka nembo ya idara mahali pake. Vitu hivyo vilikuwa maelfu kwa maelfu, vingi havikuandikwa katika daftari lolote, na baadhi ya waliovitunga walikwisha kustaafu. Mafundi wa mji wakalazimika kutunga chombo chao wenyewe cha kusimamia violezo, wakakiita WollMux, na mwaka 2008 wakakitoa bure kwa wengine. Kompyuta za kwanza zilihama mwaka 2006. Kazi ilitangazwa kuwa imekamilika mwaka 2013, kompyuta 14,800 hivi zikiwa zimehama, yaani miaka 10 tangu kura ya kwanza. Mwaka 2017 halmashauri nyingine, yenye siasa nyingine na meya mwingine, ikaamua kurudi Windows. Wapinzani na watetezi wangali wakigombana juu ya sababu. La hakika ni kwamba mji uliotaka kuikwepa tarehe moja ulipata kazi ya muongo mzima, na sehemu ngumu ya kazi hiyo ilihusu hati na fomu kuliko mashine.

OpenOffice hiyo hiyo ndiyo iliyovutwa na Kiswahili. Wakati München ikihesabu fomu zake, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, ilikuwa ikiitafsiri programu hiyo. Na mwezi wa Desemba 2004 ilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyozungumza na mwandishi wake kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitayarisha vifurushi vya Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003. Karani wa Afrika ya Mashariki akaweza kwa mara ya kwanza kuona neno la kuhariri, la kuhifadhi na la kuchapisha kwa lugha yake juu ya kioo cha kompyuta. Kazi hiyo ilihitaji maelfu ya istilahi, nyingine zikiokotwa katika maofisi na nyingine zikitungwa, na si kila moja iliyopendwa. Neno faili lilikaa bila ugomvi, ilhali mengine yamebishaniwa hata leo.

Lakini matunda haya nayo yalikuwa na siku zake. Jambo OpenOffice ilitokana na toleo la 1.1, na toleo la 2.0 lilitoka Oktoba 2005, kabla mwaka mmoja haujatimia. Maneno ya programu yalibadilika, na tafsiri ikahitaji mikono tena. Mwaka 2010 wengi wa watunzi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na mwaka uliofuata kampuni ya Oracle iliyokuwa ikiimiliki ikaiacha. Basi ni kosa kudhani kwamba programu isiyouzwa haina mwisho. Haina tarehe iliyotangazwa, na mwisho wake ni watu kuondoka. Kwa upande wa Microsoft, kifurushi cha Kiswahili cha Office 2003 kilifungamana na Office 2003 yenyewe. Kila toleo lililofuata lilihitaji kifurushi chake, na ofisi iliyohamia toleo jipya bila kukikumbuka ilirudi kuwa ofisi ya Kiingereza pasipo mtu yeyote kukusudia. Katika orodha za mafundi za vitu vya kuhamishwa, lugha ya makarani ni nadra kuandikwa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana mpaka mtu aende kwenye kumbukumbu. Septemba 2007 Microsoft ilitoa furushi la tatu la marekebisho ya Office 2003, na ndani yake ikazuia kufunguliwa kwa aina kadhaa za hati za zamani, yakiwamo maandishi ya matoleo ya kale ya Word, kwa kuwa njia ya kuyasoma ilikuwa na nyufa. Kwa fundi wa usalama sababu hiyo yatosha. Kwa mtunza kumbukumbu ilikuwa kama kuambiwa kwamba ghala limefungwa kwa sababu mlango wake ni mbovu. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi Januari 2008 na kutoa njia nyepesi ya kuirudisha ruhusa. Katika miaka hiyo hiyo mifumo ya hati ilianza kuwekewa kanuni za kimataifa: ule wa OpenDocument mwaka 2006, na ule wa Microsoft mwaka 2008, baada ya mabishano makali. Tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kwa hati kuishi kuliko programu iliyoiandika. Hati za kabla ya hapo zingali nyingi, na aghalabu ndizo zenye mikataba, hatimiliki na kumbukumbu za mikutano.

Tarehe 8 Aprili 2014 ndiyo iliyoleta mtihani mkubwa wa kwanza, kwani siku hiyo zilikoma pamoja Windows XP, Office 2003 na Exchange Server 2003. Windows XP ilikuwa na zaidi ya miaka 12, na ilipendwa. Serikali ya Uingereza, ilipoona kwamba idara zake nyingi hazitawahi, ililipa pauni 5,548,000 ili programu hizo tatu ziendelee kupata marekebisho kwa mwaka mmoja. Yafaa bei hiyo itazamwe vizuri: haikununua kitu chochote kipya. Ilinunua miezi 12. Kwa ofisi iliyokwisha kuanza kuhama, miezi hiyo ilikuwa daraja. Kwa ofisi ambayo haijaanza, ilikuwa kitanda. Mkataba wa pamoja haukufanywa upya mwaka 2015.

Mwaka 2014 wizara ya afya ya nchi hiyo, pamoja na ofisi ya baraza la mawaziri, iliziandikia taasisi za hospitali kwamba ni lazima ziwe na mipango thabiti ya kuiacha Windows XP ifikapo Aprili 2015. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikafunga hati za kila mashine kiliyoipata na kudai malipo. Katika England taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika. Wagonjwa walirudishwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Mkaguzi mkuu wa hesabu za taifa alipochunguza, alikuta kwamba barua ya mwaka 2014 ilikuwa imepelekwa kama inavyopasa, lakini wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama waliopelekewa walifanya waliyoambiwa. Alikuta pia jambo lililowashangaza waliokuwa wakiilaumu Windows XP peke yake: mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo huduma yake ilikuwa bado hai, na marekebisho yaliyohitajika yalikuwa yametolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi 2 kabla. Dawa ilikuwa mlangoni, hakuna aliyeinywa.

Jambo hilo lilijitokeza kwa ukali zaidi katika baruapepe zenyewe. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitangaza kwamba kikundi cha wavamizi ilichokiita Hafnium, ambacho ilikihusisha na China, kilikuwa kikipita katika nyufa 4 za Exchange Server na kunyakua visanduku vya barua vizima. Marekebisho ya matoleo ya 2013, 2016 na 2019 yalitolewa siku hiyo, na hata toleo la 2010, lililokwisha kuachwa, lilipewa lake. Ndipo ulipodhihirika utaratibu ambao wakuu wengi wa ofisi hawakuwa wakiufahamu. Marekebisho hayo yaliweza kuwekwa tu juu ya seva ambayo masasisho yake makubwa ya miezi ya karibuni yalikuwa yamekwisha kufanywa. Mwenye Exchange 2016, ambaye kwa kalenda alikuwa na miaka 4 na zaidi ya huduma mbele yake, kama aliyaacha masasisho yapite alikuwa kwa kweli ameshatoka katika huduma bila kujua. Siku chache baadaye kampuni ilitoa marekebisho ya muda kwa hao waliobaki nyuma, lakini katika siku hizo chache wavamizi wengine wengi walikuwa wameifuata njia ile ile. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilizima mitambo yake ya barua, na bunge la Norway lilitangaza kwamba habari zake zilichukuliwa.

Kutokana na hayo, tarehe ya mwisho wa huduma huonekana kuwa ni alama ya nje tu ya hali ya ndani. Ofisi inayojua inacho nini, na ambayo kila mwezi hutia marekebisho, huikuta tarehe kama mwenye nyumba anavyoukuta mwezi wa kulipa kodi. Ofisi isiyojua huikuta kama mnada. Wala tofauti si fedha peke yake. Seva ya barua ya ofisi ya miaka 10 ina mengi kuliko barua za wafanyakazi: kuna visanduku vya pamoja vya idara, kalenda za vyumba vya mikutano, anwani za watu waliokwisha kuondoka ambazo bado hupokea ankara, mashine za kunakili zinazopeleka nakala kwa njia ya seva hiyo, programu ya uhasibu inayotuma hati za madai usiku, na kando yake majedwali ya Excel yenye maagizo ambayo ni mtu mmoja tu ayafahamuye. Aandikapo mtu mpango wa kuhama kwa kuanza na swali la programu gani inunuliwe, vitu hivi humzukia mmoja mmoja njiani, kila kimoja na dharura yake. Aanzapo kwa kuvihesabu, swali la kununua huwa jepesi, na mara nyingine hugundua kwamba nusu yake havihitajiki tena.

Wakati huo huo biashara yenyewe ilikuwa ikigeuka. Tangu Juni 2011 Microsoft ilikuwa ikiuza Office 365, ambayo mnunuzi huilipia kila mwezi au kila mwaka, na barua zake hukaa katika majumba ya kompyuta ya kampuni. Kwa njia hiyo mzigo wa kuziba nyufa za seva humwondokea mwenye ofisi, na tarehe ya mwisho huonekana kufutika. Hata wale waliotaka kuendelea kuiweka seva chumbani kwao walipewa, Julai 2025, toleo jipya la Exchange linalokwenda kwa malipo ya kudumu. Na waliochelewa wakauziwa miezi 6 ya marekebisho, hadi Aprili 2026. Wengi waliuchukua mpango huo kwa furaha, na kwa ofisi ndogo isiyo na fundi ni vigumu kuwalaumu. Walakini aliyekuwa mnunuzi amekuwa mpangaji. Ukomo wa zamani ulifika mara moja katika miaka 10, na aliyeukosa alibaki na programu iliyozeeka. Ukomo mpya hufika siku ile malipo yasipopelekwa, na asiyelipa hukosa hata hiyo iliyozeeka.

Hofu ya upangaji huo, pamoja na ile ya kuweka barua za serikali mikononi mwa kampuni ya nchi nyingine, ndiyo iliyolisukuma jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, kufanya uamuzi unaokumbusha ule wa München. Mnamo Aprili 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba kompyuta zipatazo 30,000 zitaiacha Office na kutumia LibreOffice. Na mapema Oktoba 2025, siku chache kabla ya ile tarehe ya ukomo, ilieleza kwamba visanduku vya barua zaidi ya 40,000, vyenye barua na maandishi ya kalenda zaidi ya milioni 100, vimekwisha kuhamishwa kutoka Exchange na Outlook kwenda Open-Xchange na Thunderbird. Safari haikupita bila manung'uniko ya watumishi. Kwa muda wa miezi 6 hivi, hata hivyo, wizara, polisi na mahakama za jimbo zima zilihamisha barua zake, wakati seva nyingi katika majimbo mengine ya nchi hiyo hiyo ziliendelea kukaa zilipo. Tofauti na München ni kwamba safari hii barua zilitengwa na hati: visanduku vilihamishwa vyote kwanza, na fomu ngumu za idara, ambazo bado zinaitegemea Excel au Word, zikaachiwa ratiba yake zenyewe.

Office 2021 ilipotolewa ilipangiwa kukoma tarehe 13 Oktoba 2026. Office 2024 imepangiwa tarehe 9 Oktoba 2029.